Saini Alizoleta Shemeji

Tangazo lilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi, kati ya bango la sabuni na lile la vocha za simu. Lilisema duka hili linaomba kuuza vileo mpaka saa sita usiku badala ya saa mbili, na kwamba mwenye pingamizi alipeleke ofisi ya vibali. Mwenye duka alilisoma mara tatu kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia mumewe.

"Tukipata kibali hiki, baba, hatufungi duka."

Kufunga duka ndilo jambo lililokuwa likiwanyima usingizi. Tangu lifunguliwe lile duka kubwa la njia panda, lenye mlango unaojifungua wenyewe, watu walikuwa wakija kwake kununua kiberiti na kumpa pole. Lakini duka kubwa lilifunga mapema, na baada ya hapo mtaa mzima ulikuwa wa atakayebaki wazi. Na duka lake ndilo lililokuwa nyumba yao. Nyuma ya rafu ya maji ya chupa palikuwa na pazia, nyuma ya pazia kitanda, na kitandani binti yao wa miaka minne, kidole mdomoni.

Ofisi ilitaka saini za majirani arobaini wanaokubali. Mume alishinda kiwandani, kwa hiyo mwenye duka alizunguka mwenyewe, mtoto mgongoni, kila alipopata wa kumshikia kaunta. Siku tatu, saini sita. Wengi walimwambia watafikiria, na mtu mzima akikwambia atafikiria, ujue keshafikiria.

Ndipo Shemeji alipojitolea. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alimwita kila mke wa mtu shemeji, ingawa hakuna aliyewahi kumwona ndugu yake. Alikuja kila jioni, akanywa chupa moja amesimama, akairudisha kwenye kreti kwa mkono wake. Mtu wa adabu.

"Lete hiyo karatasi, shemeji. Utazungukaje na mtoto? Mgongo utakukatika bado kijana."

Akampa. Ndivyo tulivyo. Mtu akishakuita shemeji, unaona haya kumuuliza hata analala wapi.

Baada ya siku mbili karatasi ilirudi na majina arobaini na moja.

"Hata yule babu wa nyumba ya kona? Yule asiyeitikia salamu?"

"Huyo ndiye aliyetangulia." Shemeji alicheka taratibu. "Watu ni wema, ukiwaomba vizuri."

Mwenye duka alifurahi siku hiyo moja tu. Kesho yake wateja wa kiberiti hawakuja. Waliopita walisalimia wakiwa upande wa pili wa barabara, macho chini. Fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyekuwa haanzi kazi kabla ya kuja kutaniana naye, sasa alifungua mlango nusu na kukaa na mashine yake gizani. Badala yao walikuja wanaume asiowajua, mchana kweupe, wasionunua kitu. Mmoja alipima sakafu kwa hatua, kutoka kaunta mpaka kwenye pazia, akihesabu kwa midomo. Akalifunua kwa kidole kimoja, akamtazama mtoto aliyelala, akalirudisha.

"Pale nyuma patatutosha," Shemeji alimwambia jioni hiyo, akifuta mdomo. "Watu wangu wakija usiku hawapendi kukaa barazani. Mtoto mtampeleka kwa bibi yake, au siyo?"

"Watu gani, shemeji?"

"Si unafungua mpaka saa sita? Utawajua."

Mwenye duka alimwachia mumewe kaunta, akaenda kwa fundi cherehani bila hata kubisha hodi.

"Dada, alikufanya nini ukasaini?"

Fundi hakuinua mguu kwenye mashine. "Hakunifanya kitu. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniuliza wanangu wakitoka shule wanapita njia gani." Uzi ulikatika, hakuuunga. "Basi. Akanipa kalamu. Mimi nikadhani umemtuma wewe."

"Mimi?"

"Karatasi ilikuwa ya nani?"

Alirudi, akamweleza mumewe yote. Mumewe alisema kibali kikishatoka watamwambia huyo bwana asahau. "Tutamwambia kwa mdomo gani?" akamuuliza. "Ndio huo aliokwisha kuufumba mtaa mzima?" Mume akaenda kuketi kando ya kitanda cha mtoto.

Siku ya kusikilizwa, ofisi ya vibali ilijaa. Majirani walikaa kama waliopangwa. Shemeji alikaa kiti cha nyuma kabisa, shati limenyooshwa. Afisa vibali, mama mwenye miwani, alipekua karatasi akatabasamu.

"Sijawahi kuona mtaa wenye umoja hivi. Kuna mwenye pingamizi?"

Feni ilizunguka. Babu wa nyumba ya kona alikohoa, akaacha. Mwenye duka alifikiria rafu zake zikibebwa moja moja kwenye mkokoteni, na chumba cha kupanga ambacho hawakuwa nacho. Kisha akamweka mtoto mapajani pa baba yake, akasimama.

"Mimi."

Kuna aliyecheka. Afisa alivua miwani. "Dada, wewe si ndiye mwombaji?"

"Ndimi. Na ninalala mle dukani." Akaionyesha karatasi kwa kidole. "Saini hizi sikuziomba mimi, mama. Waulize waliotia. Mmoja mmoja, bila mtu mwingine kusikia."

Afisa aliifunika kalamu yake. Nyuma, kiti kililia. Shemeji alikuja taratibu kati ya viti, hakuna aliyegeuza shingo. Alipofika kwa mume aliinama, akamgusa mtoto shavuni kwa nyuma ya kidole.

"Shemeji umechoka," alisema kwa upole. "Tutaongea nyumbani." Akatoka, hatua zake zikasikika ngazi nzima mpaka chini.

Mwenye duka alimchukua mwanawe, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Pembeni yake fundi cherehani alikuwa ameinuka, mkoba kifuani kama ngao.

"Mama afisa," aliuliza, "mlango wa chumba chako unafungika kwa ndani?"