Kuhamisha Mapigo

Walimwita Nyaya kwa sababu hakukosa vipande vya nyaya mfukoni, hata siku ya harusi yake. Alikuwa akiunda kifaa kidogo cha kuonyesha mapigo ya moyo, katika karakana ya chumba kimoja juu ya duka la vioo. Asubuhi moja alimwomba baba yake, dereva mstaafu wa kreni, amwazime kifua.

"Chukua, ila ukirudishe kizima," mzee alisema, akifungua shati.

Nyaya akambandika vibandiko vyenye nyaya, akawasha. Badala ya vilima na mabonde, skrini ikatoa mstari mnyoofu kama uzi.

"Ndiyo nimeshakufa hivyo?" mzee akauliza. "Mbona njaa ninayo bado?"

Nyaya alicheka. Akamshika kifundo cha mkono. Mshipa uligonga vizuri tu. Akautazama tena ule mstari, akashangaa: ulikuwa ukipanda mzima mzima na kushuka mzima mzima, kwa mdundo uleule aliousikia chini ya kidole.

"Baba, usiondoke."

"Na nyaya zote hizi, niende wapi mwanangu?"

Akaifungua programu. Namba za mapigo zilikaa ndani ya kumbukumbu ya kifaa zimebanana, moja ubavuni mwa nyingine. Kila mpya ilipofika, zote zilisogea nafasi moja ili yenyewe ikae mwanzoni. Naye Nyaya alikuwa amezisogeza kuanzia mwanzoni! Ya kwanza ilinakiliwa juu ya ile ya pili, ikaifuta. Kisha nafasi ya pili, ambayo sasa ilibeba namba ya kwanza, ikanakiliwa juu ya ile ya tatu. Hivyo hivyo mpaka ukingoni, namba moja imewameza wenzake wote.

"Nimekuwa nakufuta, Baba," akasema polepole. "Kila nikikusogeza, nakufuta."

"Basi anzia kwingine."

Ndicho alichofanya: akaanzia mwishoni. Sasa namba kongwe ukingoni ilidondoka nje, jirani yake akachukua nafasi, na anayefuata vivyo hivyo, kurudi nyuma hadi ya kwanza. Kila moja ilihama kabla mwenzake hajaikalia.

Akawasha. Kilima kikachomoza kushoto, chembamba, kikali, kikaanza safari ya kwenda kulia. Kingine kikazaliwa nyuma yake.

"Huyo ni mimi?" mzee akanong'ona.

"Ni wewe. Hiki ni cha sasa hivi. Kile kule pembeni ni cha ulipouliza."

Mzee akacheka. Kicheko kikaingia kwenye skrini, mtetemo mdogo kati ya mapigo mawili, kikavuka kizima bila kupoteza hata nukta, kikatokomea ukingoni. Nyaya alihisi vinyweleo vikimsimama. Programu aliiandika mwenyewe, neno kwa neno, na bado alikuwa kama anachungulia mahali pasipo pake.

"Miaka yote hii," mzee akasema, "moyo huu unafanya hivi, na sijawahi hata kuuambia ahsante."

Akanyoosha kidole, akakisindikiza kilima kimoja mpaka mwisho.

"Kamwite mama yako," akasema. "Aje aone."