Daftari la Mwanagenzi wa Mota

Miezi sita binti wa dada yangu alikuwa mwanagenzi kwenye karakana yetu ya kusuka upya waya za mota, na miezi sita hiyo hakushika waya mpya hata siku moja. Msimamizi, tuliyemwita Vanishi kwa jinsi alivyong'arisha uongo, alimtupa uani kwenye pipa la moto, achome mota mbovu ili shaba itoke. Mtoto akawa anatema makohozi meusi kama lami. Jioni anaosha gari la Vanishi.

Ndipo chuo chake kikaleta habari: mkaguzi anakuja kesho.

Nilimkuta Vanishi ofisini, paja la kuku mkono mmoja, kalamu tatu mezani. Daftari la mafunzo lilikuwa tupu, naye analijaza lote kwa mkupuo. Mstari wa bluu, mstari mweusi, lionekane la siku nyingi. "Kupima mota: ameiva. Kusuka: ameiva." Kisha akafutia vidole vya mafuta kwenye kurasa, zipate uchakavu.

"Tia saini ya shahidi, fundi," akasema huku anatafuna. "Mtoto ni wako, au humtakii mema?"

Binti alikuwa mlangoni. "Mjomba, saini tu. Bila hiyo narudia mwaka."

"Ukiletewa mota ya pampu ya zahanati utafanyaje?"

"Nitajifunzia hukohuko."

"Wagonjwa wakikosa maji?"

Akanuna. Nikatoka bila kusaini.

Kesho yake mkaguzi alipekua kurasa kama anafukuza nzi, muhuri mkononi. Lakini mimi tarehe hazinitoki kichwani. Nikaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa eti Vanishi alimfundisha binti kusuka kutwa nzima. Siku hiyo tulifunga. Tulikuwa makaburini, tunamzika mama yake huyuhuyu Vanishi."

Vanishi akadakia. "Nilimfundisha asubuhi, kabla ya mazishi."

"Asubuhi ulishikiliwa na watu wawili, unalia."

Mkaguzi akacheka. Akacheka! "Kweli bwana, hata mimi nilikuwepo. Badilisha hiyo tarehe, tumalize."

Hao ndio wanaotupimia watoto. Mmoja anageuza mazishi ya mama yake kuwa siku ya kazi, mwenzake anamsahihishia hesabu.

Nikalinyakua daftari. "Gonga muhuri wako, na ukurasa huu naubandika getini chuoni, pamoja na orodha ya waliokuwa mazishini. Jina lako likiwa la kwanza. Au andika: miezi sita mingine, msimamizi ni mimi."

Mkaguzi aliandika. Vanishi alitema chini, karibu na kiatu changu, akaondoka.

Jumatatu binti alikuja kwenye meza yangu, macho yamevimba. Wenzake walikuwa wameshapewa vyeti. Nikampa mota na waya mpya. Akaanza kuzungusha, anahesabu kwa kunong'ona.

"Simama. Umeruka mzunguko mmoja. Fumua."

"Mjomba, nakuchukia."

"Nimesikia. Fumua."

Akafumua.