Michezo Ambayo Saidi Aliiacha Njiani

Saidi Hakizimana alipostaafu udereva, majirani zake wa mtaa wa Majengo, Gisenyi, walidhani ataugua. Walikwisha kuona wengi: mtu anaendesha basi la Gisenyi kwenda Kigali miaka nenda rudi, halafu akishakabidhi funguo anaanza kunyauka. Bintiye Isimbi, aliyekuwa akifanya kazi Kigali, aliingiwa na hofu hiyo hiyo. Kwa hiyo akaja nyumbani na mashine ya kuchezea michezo ya video, iliyotumika kidogo, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni na kumtia baba yake padi ya kuchezea mkononi.

"Papa, shika hii kama usukani," alimwambia. "Ukichoka, unaacha."

La pili hilo Saidi hakulisikia.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa malori, na aliucheza kama mtu aliyeitwa tena kazini. Alisimama kwenye taa nyekundu hata pale ambapo barabara ilikuwa tupu. Alimpisha kila mtu. Mkewe Kaltumu, fundi wa nguo ambaye cherehani yake ilikaa dirishani katika sebule hiyo hiyo, alicheka mpaka akapoteza mshono siku aliyomsikia mumewe akiomba radhi kwa dereva asiyekuwepo duniani.

Isimbi alipoona baba yake amechangamka, alifurahi kupita kiasi. Kila bei iliposhushwa mtandaoni alinunua mchezo na kumtumia. Rafiki yake Saidi, Jack, naye hakubaki nyuma. Jack alizaliwa Karagwe, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa kijana, akawa mwanajeshi, na sasa alikuwa mstaafu mwenye nyumba yake kule Nengo na diski nyingi kuliko sahani. Kila alipokuja kusalimia aliacha diski mbili tatu juu ya kabati.

Saidi aliona si adabu kukaa na zawadi bila kuifungua. Alianza huu, akaanza na ule: wa mpelelezi, wa shamba, wa meli, wa mpira, wa mafundi wa jiji la chini ya ardhi. Picha za michezo zikajaa kwenye kioo, safu juu ya safu, na kila alipowasha mashine zilimkodolea macho kama abiria walioachwa kituoni. Maana Saidi alikuwa na sheria moja, aliyoishi nayo tangu ujana: gari alilolitoa Gisenyi lazima lifike Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali. Mchezo aliouanza lazima auone mwisho wake.

Uliomshinda ulikuwa mchezo wa theluji. Mpanda farasi anavuka nchi nzima yenye baridi, anafungua malango, na kwenye lango la mwisho analikuta jitu lenye rungu. Saidi alifika langoni kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja ikapita, jitu likabaki palepale. Alijaribu kulizunguka kushoto, akajaribu kulia, akajaribu kukimbia. Rungu lilishuka kila mara, na kila mara mpanda farasi akaamka tena kwenye kilima kile kile. Mwanzoni alipigwa akicheka. Baadaye akawa anapigwa kimya, meno yameumana, na chai yake inapoa pembeni. Michezo mingine yote ilimngoja yeye, na yeye alilingoja jitu.

Macho yakaanza kumwasha na kutoa machozi. Kaltumu alimvumilia kwa muda, kisha akamshika mkono wakaenda kwa daktari wa macho. Daktari Mutesi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimwangazia taa, akamsomesha herufi ukutani, halafu akazima taa yake.

"Mzee, macho yako iko mazima. Imechoka tu. Unaangalia nini siku yote?"

"Televisheni," Saidi alijibu.

"Sema yote," Kaltumu alimwambia.

Saidi akakohoa. "Niko napigana na jitu moja."

Daktari hakucheka. Alimtazama kwa makini, akauliza, "Na unalishinda?"

"Bado."

"Bon. Basi kuanzia leo, unacheza kidogo tu, saa za mchana, halafu unapumzisha macho. Kama hauwezi kupunguza, utarudi hapa na miwani nzito."

Njiani kurudi Saidi alikuwa akipiga kichwani hesabu ambayo dereva yeyote angeipiga: muda umekuwa mfupi, na safari zimebaki nyingi. Kwa kipande kile cha mchana alichoachiwa, angeweza kuzeeka mbele ya lango lile bila kuona kilichoko upande wa pili, na bila kuigusa ile mingine.

Kesho yake alikwenda kumtafuta Jack. Wakakaa kwenye ukuta mfupi unaotenga barabara na ufuo wa ziwa, wakanunua karanga na kutazama watu wakiogelea. Saidi akamweleza shida yake kwa kirefu, na Jack akamsikiliza huku akimenya.

"Mimi mchezo nauonja tu," Jack alisema. "Nikishajua unavyokwenda, naufunga. Tangu uliponijua, umeniona nikimaliza hata mmoja?"

"Na mwisho wake, Afande? Hautaki kujua?"

"Mwisho wanaujua waliotengeneza. Wanatosha."

Saidi alitikisa kichwa. Alimpenda Jack, lakini alijua kwamba mwenzake huyu alifuga sungura akawaacha, akafuga nyuki akawaacha, akaanza kujifunza Kifaransa akaishia kwenye salamu. Ni kweli kwamba alikuwa mtu wa furaha. Lakini Saidi hakuona jinsi ya kuishi hivyo, mkono kila mahali na mguu hakuna. Alirudi nyumbani karanga zikiwa zimemkaa kifuani, na uamuzi hana.

Akaketi, akawasha mashine. Kaltumu alikuwa akishona kanzu ya mteja. Rungu likashuka. Mpanda farasi akaamka kilimani. Rungu likashuka tena, na Saidi akatoa mguno ambao hata yeye mwenyewe haukumpendeza.

Cherehani ikanyamaza.

"Baba Isimbi," Kaltumu alisema, "sasa uko unacheza ao uko ku kazi?"

"Niko namaliza."

"Si hiyo niliyokuuliza. Unasikia raha?"

Saidi aliweka padi kwenye goti. "Zamani ilikuwa raha," alisema. "Ile theluji, zile vijiji. Sasa iko jitu tu, kila siku jitu. Lakini nitaacha namna gani, Mama Isimbi? Mi sijaacha safari hata moja katikati."

"Umeacha moja. Mi nilikuwa ndani."

Saidi akageuka kumtazama.

"Buranga," Kaltumu alisema. "Niko na mimba ya Isimbi, nimekaa nyuma yako. Umesahau?"

Hakuwa amesahau; alikuwa tu hajawahi kuihesabu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na walipofika kwenye kona za Buranga wakakuta mlima umemwagika barabarani, udongo na migomba juu yake. Magari yalijipanga. Madereva wengine walisema watangoja, tingatinga litakuja. Ndani ya basi watu walikuwa wamepandisha sauti: huyu ana harusi Kigali, yule ana mzigo, mwingine anataka arudishiwe nauli. Saidi alishuka, akatembea mpaka kwenye ule udongo, akautazama na kuutazama mlima uliobaki juu yake. Kisha akarudi, akageuza basi taratibu kwenye sehemu finyu, akawapeleka wote Ruhengeri, wakala, wakalala chini ya paa. Baada ya siku mbili barabara ilipofunguliwa, yule wa harusi alikuwa wa kwanza kumshika mkono na kumshukuru.

"Ile siku ulisikia haya?" Kaltumu aliuliza.

"Haya ya nini? Barabara haikukuwa."

"Donc, kumbe unajua kugeuza gari."

"Ile ilikuwa mulima, Mama Isimbi. Hii ni mchezo. Hapa barabara iko."

"Barabara iko, lakini we hautaki tena kwenda. Na hakuna abiria hata mumoja nyuma yako. Ni mi tu niko hapa, na mi nimechoka na ile rungu."

Akakanyaga cherehani yake tena, maana mteja alikuwa anakuja kuchukua kanzu. Saidi alibaki na padi gotini. Hakuwasha upya. Ila alishangaa kuona kwamba mabega yake, yaliyokuwa yamekakamaa tangu asubuhi, yameshuka yenyewe.

Mchana uliofuata alikaa mbele ya kioo akiwa ameoga na kuvaa shati safi, kama mtu mwenye wageni. Alianza na mchezo wa mpelelezi. Aliufungua, akazunguka kidogo katika ofisi yenye moshi, akajiuliza kama kweli anataka kujua nani aliiba. Hakutaka. Alitambua kwamba hata siku ya kwanza hakutaka. Aliendelea kwa sababu Isimbi alikuwa ameununua. Akaufuta. Alingoja kidogo aone kama moyo utamuuma, akaona umetulia. Ule wa jiji la chini ya ardhi aliufuta bila hata kuufungua. Wa shamba alisita nao, akauacha, kwa kuwa asubuhi alipokuwa akinyoa ndevu alijikuta anafikiria atapanda nini baada ya mahindi. Wa malori hakuugusa. Huo hauna mwisho, na hakuwahi kuudai mwisho.

Likabaki jitu.

Alifungua mchezo wa theluji, na mpanda farasi akasimama kilimani kama kawaida, lango mbele yake. Vidole vya Saidi vilitamani kujaribu. Mara moja tu, vilisema, pengine leo. Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyowafanya madereva wengine wabaki chini ya mlima wa Buranga wakingoja tingatinga. Akapiga moyo konde, akamgeuza farasi.

Walirudi walikotoka, yeye na mpanda farasi wake, polepole, bila kupigana na mtu. Wakapita ziwa lililoganda. Wakapita msitu ambao zamani ulimtisha na sasa ulikuwa msitu tu. Alisimama pale aliposhinda pambano lake la kwanza, akakumbuka jinsi alivyoruka kutoka kitini na kumwangusha paka. Mwisho wakafika kijiji cha mfua vyuma, ambako watu wa mchezo humsalimu kila apitaye. Kulikuwa na moto nje ya karakana na benchi kando yake. Saidi alimshusha mpanda farasi, akamkalisha. Theluji ikaendelea kuanguka juu ya mapaa. Kaltumu alikuwa ameacha kushona, anatazama.

"Hapa ni pazuri," alisema.

"Nilikuambia," Saidi akajibu. Akakaa na mkewe kitambo mbele ya picha ile, kisha akaufunga mchezo, akaufuta.

Sasa mashine ilikuwa na nafasi, na Saidi alikuwa na mchana. Katika michezo iliyobaki kulikuwa na mmoja mdogo ambao Jack aliuleta na Saidi akaupuuza kwa sababu haukuwa na farasi wala gari: mwanamke anayetengeneza redio katika mji wa milimani. Watu wanamletea redio mbovu, anazifungua, na huku wanamsimulia maisha yao. Maneno yote yalikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa cha Saidi kilikuwa cha barabarani. Kaltumu alisoma Kifaransa kwa masista wa Nyundo. Akasogeza kiti chake.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa: Saidi anageuza nyaya, Kaltumu anasoma kwa sauti na kutafsiri, akiongeza chumvi pale alipoona mwandishi amepoa. Wateja wawili walikuja kuuliza nguo zao wakakaa kusikiliza. Mzee wa mwisho katika mchezo alileta redio ya kaseti iliyorekodi sauti ya marehemu mkewe akiimba jikoni, na Saidi alipounganisha waya wa mwisho, wimbo ukatoka. Kaltumu aliacha kutafsiri. Hakukuwa na haja. Alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa, na Saidi akatazama majina ya waliotengeneza mchezo yakipanda kwenye kioo mpaka jina la mwisho, akijisikia kama mtu aliyeegesha gari salama na kuzima injini.

Isimbi alipokuja kwa Idi ya kuchinja, Saidi alikuwa amejiandaa kumweleza. Alingoja wamalize pilau.

"Mwanangu, ile michezo uliyonitumia," alianza, "zingine nimefuta. Na ile ya theluji nimeacha. Sikulimaliza lile jitu."

Isimbi alimtazama kwa mshangao. "Papa ulifika ku jitu?"

"Miezi mingi nimekaa pale."

"Mi sijafika hata lango ya pili," Isimbi alisema, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Nilikutumia ile mchezo kwa sababu ilinishinda. Niliwaza labda we utaweza."

Saidi alimgeukia mkewe, mkewe akageukia sufuria ya pilau akijifanya anatafuta nyama. Halafu wote watatu wakacheka.

"Basi usinunue zingine," Saidi alisema hatimaye. "Kwanza uliza."

Isimbi aliahidi. Kabla ya kurudi Kigali alikuwa amekwisha kununua mwingine, wa mashua za mashindano, kwa kuwa bei ilikuwa imeshuka sana. Saidi hakumgombeza. Siku iliyofuata aliufungua na kuucheza mpaka chai ikaiva. Mawimbi yalikuwa mazuri, lakini muziki wake ulimkera na mashua zilikwenda kama zinafukuzwa. Akauzima, akamwita Kaltumu, wakaenda kunywa chai yao kibarazani ikiwa bado ya moto.