Mzazi wa Mwombaji

Sabina Ajwang alikuwa na miaka arobaini na sita, wajukuu wawili, na barua ya kukubaliwa chuo cha ualimu. Kilichobaki ni ufadhili, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa leo saa kumi jioni.

"Mama, hapa hajasaini mzazi," alisema Machibya, karani kijana aliyekumbatia muhuri wa ofisi kama kuku anayeatamia.

"Mzazi ni mimi. Nimezaa wanne."

"Mzazi wa mwombaji. Kwenye fomu, mwombaji ni mtoto."

Foleni ikaangua kicheko. Hasira ilimpanda Sabina kutoka kwenye visigino. Miaka ishirini ameanika dagaa soko la Mwaloni, mtihani wa kidato cha sita ameufanya dawati moja na rika la binti yake, leo anaitwa mtoto! Alikodi bajaji hadi kwao Pasiansi, akarudi saa tisa na nusu na mama yake, Bibi Ayoo, mwenye miaka themanini na mbili, fimbo, na ghadhabu iliyoanza njiani.

Machibya alisimama kwa adabu zote. "Shikamoo, bibi."

Bibi Ayoo akaegemea fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Ayoo alimtazama kama anayetazama sangara wa juzi. Foleni ikaacha kucheka. Karani akakimbilia kwenye kitambulisho cha bibi, akakisoma, akakohoa.

"Tatizo, kanuni inasema mzazi asizidi miaka sitini."

"Sitini!" Sabina aligonga meza hadi kalamu zikaruka. "Kwa hiyo alinizaa akiwa darasa la saba? Nyie mnapiga hesabu kwa kutumia nini?"

"Mama, sikuandika mimi..."

"Lakini umeisoma, ukaiona ina akili!"

Jasho lilimtiririka Machibya. Akamgeukia mzee kwa mara ya tatu, sasa kwa kuomba. "Bibi, nimekusalimu."

"Nimesikia," alisema Bibi Ayoo. "Mwanangu mwenye mvi umemwita mtoto. Basi wewe bado hujazaliwa. Nitamwitikiaje ambaye hajazaliwa?"

"Gonga muhuri, wee!" akafoka baba mmoja nyuma. "Unataka kulala na shikamoo isiyoitikiwa kifuani?"

Bibi akaweka dole gumba. Muhuri ukagongwa.

"Andika na saa," Sabina akaamuru. "Msije mkasema nilichelewa."

Machibya akaandika: saa tisa na dakika hamsini na mbili. Kisha, kwa sauti ya mtoto aliyechapwa: "Shikamoo, bibi."

Bibi Ayoo alikuwa ameshafika mlangoni. Hakugeuka.

"Utaitikiwa majibu yakitoka."