Kabila la Samaki

Februari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kwenye daraja chini ya Keringet, vijana wa kizuizi walisimamisha pikapu ya Mzee Jasbir, mfugaji samaki kutoka Nakuru. Nyuma alikuwa na pipa la vifaranga mia tatu, na jua lilikuwa linawachemsha.

"Mzee, hawa samaki ni kabila gani?"

"Ni mchanganyiko. Mama wa Baringo, huku kwenu Bonde la Ufa; baba wa Sagana, kule Mlima Kenya."

Kipkemboi, mkubwa wa kizuizi, alikuna kichwa. "Basi wa Baringo wapite. Wa Sagana warudi kwao."

"Wachague haraka, boss, wanakufa!"

Vijana wakakunja mashati, wakatumbukiza mikono pipani. Mmoja alisema mapezi ni ya baba, mwingine akaapa mdomo ni wa mama, nusura wapigane. Samaki wakaanza kuelea kwa ubavu. Jasbir akashindwa kuvumilia. Alipanda nyuma, akalipindua pipa, na samaki wote wakaporomoka mtoni.

Walilala kidogo juu ya maji, kisha wakajitikisa na kutawanyika, wengine wakipanda na mto, wengine wakishuka.

"Mmeona?" Kipkemboi akawaambia wenzake. "Kila mmoja anajua kwao."