Vitabu Arobaini na Saba vya Pacita

Saa tatu asubuhi Pacita Manlapaz alikuwa wa kumi na nne kwenye foleni ya ofisi ya mtaa, maji ya mafuriko ya jana yakiwa bado vifundoni. Saa tisa alikuwa wa tatu. Mchele umepanda bei tena, lakini mapumziko ya chakula ya makarani hayajapungua hata dakika.

Alitaka karatasi moja tu, cheti kwamba mkazi huyu ni mwandishi. Maktaba mpya ilikuwa inatenga rafu ya waandishi wa mji, na mwisho wa kupeleka vyeti ulikuwa leo saa kumi na moja. Kwa miaka kumi na tisa Pacita alikuwa ameandika hadithi za mapenzi, vile vitabu vyembamba vinavyokodishwa vibandani, na hakuna hata kimoja chenye jina lake. Kampuni ilinunua miswada ikabandika jina la kubuni, Rosabel Marasigan. Asubuhi aliwapigia simu kuomba barua.

"Rosabel ni mali ya kampuni, mama," kijana wa kwenye simu alimjibu, kwa upole wa kukera. "Wewe ulikuwa unatusaidia tu."

Zamu yake ilipofika, karani Nenita, mwanamke wa makamo aliyening'iniza feni ndogo shingoni, hakuinua macho.

"Kazi?"

"Mwandishi."

Nenita alifunua daftari la wakazi, akaligeuza upande wa Pacita. "Huu mwandiko wa nani, dada?"

Ulikuwa wake. Mara nne wahesabu watu walikuja mlangoni, na mara nne, penye kazi, alijaza mwenyewe: mama wa nyumbani. Kila mara mswada ulikuwa umefichwa chini ya beseni la nguo. Mama mkwe wake aliviita vitabu vile uchafu wa kuwaliza vijakazi, na Pacita alicheka pamoja naye ili yaishe. Sasa kicheko kile kilikuwa kimekuwa ushahidi wa serikali.

"Niliona haya," alisema. "Andika mwandishi sasa."

"Wataniambia nimelishwa kitu kidogo. Lete kitabu chenye jina lako."

"Jina langu hawakuliweka."

"Basi huna kitabu, dada. Anayefuata."

Pacita hakuondoka. Alijibanza pembeni mwa kaunta, akageuza fomu yake nyuma na kuanza kuandika. *Pete Ndani ya Unga*, alichokiandika akinyonyesha. *Daktari wa Zamu ya Mwisho*, wiki mbili umeme ukiwa umekatwa. *Mjane wa Ghorofa ya Tatu*, mumewe akiwa hospitalini, na sura nzima aliiandika kwenye korido. Hakuwahi kuviorodhesha. Alidhani vingefika ishirini, labda ishirini na tano. Alipoandika cha arobaini na saba mkono ulikuwa unauma, naye alikuwa na hasira, kwanza na kampuni, kisha na yule mama wa nyumbani wa kwenye daftari.

Akaisukuma karatasi mbele ya Nenita. Karani aliisoma, akazima feni.

"Rosabel ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Huyu mjane alinitoa machozi mpaka nikachelewa kazini. Wakanikata mshahara."

Alichukua kalamu nyekundu akaanza kutia tiki vitabu alivyokwisha kusoma, midomo ikicheza. Vilikuwa thelathini na kimoja. Pacita aliutazama muhuri uliokuwa karibu na kiwiko cha Nenita, mkavu.

"Hivi vingine navipata wapi?" Nenita aliuliza.

"Gonga muhuri nikwambie."

Nenita aliutupia jicho mlango wa mwenyekiti wa mtaa.

"Nakuamini, dada. Lakini utaratibu hauniruhusu kukuamini." Akaweka kibao cha IMEFUNGWA. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro kumi.

Pacita alichukua karatasi yake. Juu kabisa akaandika jina lake kamili, na mbele yake, Mwandishi. Akaenda kwenye ubao wa matangazo mlangoni, akang'oa pini mbili kwenye picha ya mwenyekiti akikata utepe. Picha ikaanguka majini.

"Mama, hapo ni matangazo rasmi tu," mlinzi alisema.

"Najua," alisema Pacita, akapachika pini ya pili kwenye karatasi yake.