Siku Kumi na Tisa za Tebeswet

“Mama Maxine, huu mto umewahi kukauka?”

Chepkemboi aliniuliza mbele ya watu zaidi ya mia waliokuja kwenye mkutano wa maji, ndani ya kanisa la mabati, kalamu yake ikingoja juu ya karatasi. Nilisimama, nikavuta sweta, nikasema hapana. Haujawahi.

Nilikuwa nadanganya. Kwa miaka kumi na minne nilishuka kila asubuhi hadi mto Tebeswet, chini ya mashamba ya majani chai, kusoma rula ya chuma iliyosimikwa majini na kuandika kina chake. Mwaka wa 2017, kuanzia katikati ya Februari, rula ile ilisimama kwenye matope makavu siku kumi na tisa. Faili ya mwaka huo ilipotea ofisi ilipohama jengo. Daftari langu lilikuwa nyumbani, chini ya nguo za kanisani.

Meneja wetu, Bwana Gekara, alikuwa amenihakikishia kwamba siku kampuni ya maji itakapopanga maji ya miaka ishirini na mitano ijayo, mimi ndiye nitakayeongoza. Miji ilikuwa inapanuka, na bomba la kutoka Tebeswet lilitakiwa lifike mpaka nyanda za chini za Soin. Kisha akaja Chepkemboi, injinia wa miaka ishirini na minane. Akapewa kazi ile, na meza yangu ya dirishani. Mimi nikaambiwa nimsaidie.

Ningemchukia kwa raha kama angekuwa na majivuno. Hakuwa nayo. Alinimiminia chai kabla ya kujimiminia yake, akaniita kwa jina la binti yangu, akanisikiliza. Nilimwonea wivu gambuti zake mpya, mkono wake usiotetemeka ukichora bomba kwenye ramani, hata usingizi wake, ambao nilijua ni mzuri kwa kumtazama tu usoni.

Pale kanisani, Rodah, mama anayefuga ng'ombe kando ya mto, aliinua mkono. “Mimi nakataa. Hiyo mwaka ya 2017 ng'ombe zangu zilivuka hapo na kwato hazikulowa.”

Chepkemboi alinitazama, kisha akamgeukia. “Pole, mama. Lakini huyu hupima huo mto kila siku. Akisema haujakauka, haujakauka.”

Watu wakacheka. Rodah akaketi, akatazama viganja vyake.

Nilikuwa nimejiandaa kubishiwa. Sikuwa nimejiandaa kuaminiwa. Nilivumilia siku tisa, kisha Jumatatu nikaliweka daftari mbele yake. Alilisoma akiwa amesimama.

“Ulikuwa nalo wakati wote?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini, mama?”

“Hii meza ilikuwa yangu.”

Akaitazama meza kana kwamba ndiyo kwanza aione.

Aliuvunja mpango wote akaanza upya, safari hii na bwawa la kuhifadhi maji ya mvua za masika. Bwana Gekara alimfokea mlango ukiwa wazi kwa kuichelewesha kazi miezi minne. Nilimsikia akijibu kwamba kosa ni lake, hakutafuta rekodi vizuri. Jina langu hakulitaja. Nikiwa pale koridoni na mafaili kifuani, nilimwonea wivu hata kwa hilo, maana mimi nisingeweza.

Jioni ile nilienda kwa Rodah. Alikuwa anakamua. Nilimweleza yote, naye hakuinua kichwa.

“Mimi nilijua kile niliona,” alisema. “Ni watu walinicheka. Mkutano ingine iko lini?”

“Alhamisi.”

“Basi ambia hao.”

Alhamisi nilisimama katika kanisa lile lile. Nilisema mto ulikauka siku kumi na tisa, kwamba Rodah alisema kweli, na kwamba mimi nilidanganya kwa sababu ya wivu. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mabati. Chepkemboi akaeleza kuhusu bwawa, na mzee mmoja akauliza litachimbwa upande gani. Chepkemboi akaifungua ramani, na watu wakaacha viti vyao kwenda kuizunguka, Rodah mbele yao, akiwaonyesha kwa kidole mahali ng'ombe wake hupita.

Nikabaki nimesimama kati ya viti vitupu. Hakuna aliyeniambia niketi.